Moto Imekamatwa na Sigara za Frodi: Mwenye Moto Afanye Nini?

Ndugu wasomi wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli, pamoja na ninyi mulioko mbali kwa ajili ya masomo, leo tuongee jambo linalogusa mfuko moja kwa moja. Wengi wetu tulimaliza chuo, kazi ya Leta ikakosa, tukaungana na ndugu au tukangoja zamu yetu ya likelemba, tukanunua moto. Moto tukampa motari. Yeye anafanya kazi, sisi tunapata versema, ile makuta anayoleta kila jioni. Hiyo ndiyo ofisi ya kwanza ya vijana wengi wenye diploma hapa kwetu, na wala si aibu.

Sasa weka mfano huu. Motari anapata kurusi ya mbali, njia ya Kasongo. Wakati wa kurudi anapewa mzigo: kartoni za sigara zilizofungwa vizuri ndani ya gunia, juu yake kitu kingine. Kwenye barieri watu wa duane wanafungua gunia. Hakuna karatasi ya kuonyesha kama ushuru ulilipwa. Sigara zinakamatwa, na moto vilevile inakamatwa. Motari anapiga simu: "Patron, moto imebaki kule." Wewu uko nyumbani Kasuku, hata sigara moja hukuiona. Moto yenyewe ina bei kushinda mzigo wote.

Je, wanaweza kuichukua? Na kama wanaweza, wewu unaipinga namna gani?

Jibu fupi ni hili: Leta anaweza kuishika. Lakini kuishika si kuichukua kabisa. Kati ya hayo mawili kuna njia, na njia hiyo ina karatasi na siku za kuhesabu. Mtu mwenye haki nzuri kabisa anaweza kupoteza moto yake juu tu alikaa wiki sita akitafuta "mtu anayejuana na mkubwa" badala ya kuandika barua moja.

Tuanze na swali ambalo kila mtu anauliza kwa hasira: kosa ni la sigara, kwa nini moto? Sheria ya forodha ina mawazo yake ya zamani, ya wakati wa meli. Mwenye meli alikuwa anakaa mbali, ng'ambo ya bahari. Mfalme hakuwa na njia ya kumkamata, basi akakamata kitu kilichokuwa mbele yake. Kitu chenyewe ndicho kikachukua mzigo wa kosa. Mpaka leo, katika nchi nyingi, sheria ya forodha haianzi kwa kuuliza "nani mkosaji?" Inaanza kwa kuuliza "kitu hiki kilitumika kupitisha mali isiyolipiwa?" Kama jibu ni ndiyo, kitu kiko hatarini, hata kama mwenyewe alikuwa amelala.

Kuna sababu ya pili, na hii ni ya hesabu. Sigara ni nyepesi, haiozi haraka, na ushuru wake ni mkubwa: ushuru wa kuingiza, kisha ushuru wa bidhaa ule wanaita akisizi, kisha TVA. Ukipitisha kartoni bila kulipa, faida ni kubwa kwa mzigo mdogo. Kama Leta angekuwa anachukua sigara peke yake, mfanya frodi angeandika hasara hiyo kwenye daftari yake kama vile bei ya mafuta, na kesho angerudi. Kumchukulia chombo ndiyo kunamuuma. Ndiyo maana hata ulimwengu mzima ulikaa juu ya jambo hili: Protokali ya kupinga biashara haramu ya tumbaku, chini ya Mkataba wa Shirika la Afya Ulimwenguni, ilipitishwa Seoul tarehe 12 Novemba 2012 na ikaanza kufanya kazi tarehe 25 Septemba 2018. Kenya, tangu 2013, inabandika stampu za elektroniki kwenye paketi ili kutambua ile iliyolipiwa na ile isiyolipiwa.

Mimi nakubali hesabu hiyo kwa mfanyabiashara mkubwa mwenye kamio iliyotengenezwa sehemu ya siri chini. Kwa mama aliyenunua moto kwa likelemba, hesabu hiyo ni kali kupita kiasi. Lakini tukubali ukweli mwingine pia: kila mfanya frodi anayekamatwa anasema gari si yake na mwenye gari hakujua. Duane wamesikia wimbo huo miaka na miaka. Kwa hiyo neno "sikujua" peke yake halina uzito. Ni lazima likuje na kitu cha kushika mkononi.

Sasa tuingie kwenye sheria yetu. Hapa Congo, forodha iko mikononi mwa Direction Générale des Douanes et Accises, DGDA, iliyoundwa kwa dekreti ya tarehe 3 Desemba 2009 na kuchukua nafasi ya OFIDA ambayo wazee bado wanaitaja kwa jina. Sheria yake kubwa ni Code des douanes, ordonnance-loi namba 10/002 ya tarehe 20 Agosti 2010. Kwa upande wa akisizi kuna ordonnance-loi namba 18/002 ya tarehe 13 Machi 2018. Mwanafunzi wa droit ambaye hajawahi kufungua Code ya 2010, aifungue. Inapatikana, na haimalizi simu yako data.

Katika sheria hiyo kuna maneno matatu ambayo mwenye moto lazima ayatofautishe. La kwanza ni PV, karatasi inayoeleza nini kilikamatwa, wapi na kwa sababu gani. La pili ni konfiskasio, yaani kunyang'anywa kabisa, kitu kikawa cha Leta. La tatu ni tranzaksio, yaani mapatano: unakubali, unalipa, mambo yanafungwa bila tribinali. Watu wengi wanachanganya haya. Wakiona moto imeingizwa kwenye parseli ya ofisi, wanalia kama vile konfiskasio imekwisha kutoka. Bado. Moto imeshikwa tu.

Na hapo Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasaidia. Article 34 inasema mali ya mtu ni takatifu, na inaongeza kwamba mtu hawezi kukamatiwa mali yake isipokuwa kwa uamuzi wa mamlaka ya mahakama yenye uwezo. Duane watajibu kwamba Code inawapa nguvu ya kushika kitu papo hapo pale frodi inapoonekana kwa macho. Ni sawa, hakuna nchi ambayo duane anakimbia kumtafuta juji wakati gunia limekwisha kufunguliwa. Lakini kutoka kushika mpaka kunyang'anya kabisa, lazima kuwe na kitu katikati: uamuzi wa juji, au sahihi yako mwenyewe chini ya tranzaksio. Kama hakuna kimoja kati ya hivyo viwili na moto inaanza kutembezwa mjini na mtu mwingine, avoka wako ana pa kuanzia.

Kwa hiyo kazi ya siku ya kwanza ni PV. Si simu kwa mjomba. PV. Ulize pia ni serivisi gani imekamata. Dekreti namba 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002 ilitaja serivisi nne tu zenye ruhusa ya kufanya kazi kwenye mipaka: ile ya forodha, OCC, DGM na serivisi ya usafi na afya ya mipakani. Munajua sisi wote kwamba kwenye barabara zetu unaweza kukuta watu wengi zaidi ya hao, kila mmoja na daftari yake. Mtu ambaye si wa duane anaweza kumpasha duane habari. Lakini hawezi kukukamatia moto kwa jina la Code des douanes, kisha akakuomba "kitu kidogo" ili jambo liishe hapo hapo. Ukilipa hapo, hujapinga kitu, hujapata kitansi, na kesho barieri nyingine itakukamata kwa mzigo uleule.

PV yenyewe uisome kwa utulivu. Angalia tarehe na saa, mahali, majina ya walioikamata na namba zao za kazi, hesabu ya kartoni na marki ya sigara, na namba ya shasi ya moto. Namba ya shasi hasa, juu TVS ziko nyingi na zinafanana, na mwezi mmoja baadaye unaweza kuonyeshwa moto yenye injini ya mtu mwingine. Angalia kama PV inasema sigara zilikuwa zimefichwa au zilikuwa wazi. Neno hilo moja litarudi mbele. Katika sheria ya forodha ya Ufaransa, ambayo ndiyo mama wa sheria nyingi za Afrika inayoongea Kifaransa, PV iliyoandikwa na maofisa wawili inaaminiwa kwa yale waliyoyaona kwa macho yao mpaka mtu ashitaki kwamba ni karatasi ya uongo, na hiyo ni safari ndefu sana. Maana yake: usikubali leo kitu cha uongo kiandikwe ukifikiri utakirekebisha kesho. Kama motari ndiye aliyekuwa pale, aandike maelezo yake kabla ya sahihi, hata mistari miwili: mzigo ulikuwa wa nani, nani aliupakia, mwenye moto alikuwa wapi. Na kama motari mwenyewe amefungwa, article 18 ya Katiba inadai aelezwe sababu ya kukamatwa kwake katika lugha anayoielewa, na asishikwe zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa au kupelekwa mbele ya mamlaka ya mahakama.

Kisha barua. Barua ya mwenye moto, kwa jina lake mwenyewe, siyo barua ya motari. Hawa ni watu wawili wenye mambo mawili. Motari anajitetea juu ya kosa. Wewu unadai mali yako. Ukiweka sahihi yako kwenye barua ya motari, umejifunga naye kwenye gunia moja.

Hapa sasa ndipo kilio cha kweli kinaanza, na ningependa tukae hapa kidogo. Ili udai moto, lazima uonyeshe ni yako. Karti roze iko kwa jina la nani? Kwa nyingi ya moto zetu, jina ni la yule aliyeiuza mara ya kwanza, au hakuna karti kabisa, kuna kitansi tu ya duka yenye muhuri uliofutika. Moto ilinunuliwa, ikauzwa tena kwa kushikana mikono mbele ya shahidi mmoja, mutasyo haikufanywa kwa sababu inaomba makuta. Siku zote hiyo haikukusumbua. Siku ya duane, inakuwa kifo. Ofisa hana lazima ya kukuamini. Kwa macho ya karatasi, wewu ni mtu mwingine tu aliyekuja kudai moto ya watu. Kama uko na kitansi, tafuta muuzaji aandike tamko la mauzo lenye tarehe na namba ya shasi, na mpeleke mbele ya notere. Fanya hivyo hata leo, kabla ya shida.

Karatasi ya pili ni mkataba wako na motari. Wengi hatuna. Tunasema "ni mdogo wangu, tunaaminiana". Lakini mkataba wa ukurasa mmoja unaosema motari anabeba watu na mizigo halali tu, kwamba amekatazwa kubeba mali isiyolipiwa ushuru, kwamba haruhusiwi kutoka mji bila kukuarifu, wenye sahihi na tarehe ya zamani, ndiyo tofauti kati ya "sikujua" ya mdomo na "sikujua" ya karatasi. Ongeza daftari ya versema. Daftari inaonyesha kwamba wewu unapata makuta ileile kila siku, moto ibebe sigara au isibebe. Kama siku ile ya Kasongo versema iliruka mara tatu na wewu ukaipokea bila kuuliza, hiyo nayo itaonekana, tusidanganyane.

Katika barua, omba vitu viwili, na uvitenganishe waziwazi. Hii naona haifundishwi vya kutosha. Kuna kupinga ukamataji wenyewe: kusema sigara zililipiwa ushuru, hizi hapa karatasi, kwa hiyo hakuna frodi na moto haikutumika kwa frodi. Na kuna kuomba kurudishiwa: kukubali kwamba sigara zilikuwa za frodi, lakini kuonyesha kwamba kukunyang'anya moto ni adhabu isiyolingana na sehemu yako katika jambo hili. La kwanza ni vita ya ukweli. La pili ni ombi la uzito na kipimo. Ukivichanganya, ofisa atasoma ukurasa wa kwanza unasema hakukuwa na frodi na ukurasa wa pili unaomba msamaha wa frodi, na atacheka. Pamoja na hayo omba moto iachiliwe kwa muda kwa dhamana, ile kosioni, wakati dosie inaendelea. Moto inayokaa miezi kwenye mvua ya Maniema inarudi chuma tu.

Kwa nini nasema siku zinahesabiwa? Tuangalie majirani, juu ndugu zetu wengi wanafanya safari za Kigoma, za Bujumbura, za Kampala, na chombo chao kinaweza kukamatwa upande ule. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki: mkataba ulitiwa sahihi tarehe 8 Aprili 2022, uanachama kamili tarehe 11 Julai 2022. Nyumbani duane wetu wanafanya kazi na Code ya 2010. Lakini ukivuka Gatumba, au ukishuka bandarini Kigoma, au ukitoka Kasindi kuingia Mpondwe, unakutana na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004. Sheria hiyo haifichi ukali wake. Kifungu cha 211 kinasema chombo chochote cha barabarani, mnyama au kitu kingine kilichotumika kupitisha mali inayopaswa kutaifishwa, nacho kinapaswa kutaifishwa. Meli ya chini ya tani 250 vilevile. Meli ya tani 250 na zaidi haitaifishwi. Inaweza kuzuiliwa, na nahodha analipa faini. Musome tena sentensi hiyo polepole. Mtumbwi wa injini wa mvuvi wa Tanganyika unaweza kupotea kabisa, meli kubwa inalipa na kuondoka.

Utaratibu uko katika kifungu cha 214. Kama mwenye mali hakuwapo wakati wa kukamata, ofisa anapaswa kumpa taarifa ya maandishi, pamoja na sababu, ndani ya mwezi mmoja. Mwenye mali naye ana mwezi mmoja, tangu kukamatwa au tangu taarifa, wa kumwandikia Kamishna akidai mali yake. Mwezi ukipita bila dai, na hakuna mtu anayeshitakiwa mahakamani kwa kosa hilo, sheria inahesabu kitu kimekwisha kutaifishwa. Hakuna kesi, hakuna juji, kalenda tu. Lakini ukidai kwa wakati, mpira unaenda kwa Kamishna: ndani ya miezi miwili lazima akuambie uende mahakamani kudai, au yeye mwenyewe aende kuomba kitu kitaifishwe. Akikuambia uende, nawe una miezi miwili. Ukilala, umekwisha. Na katikati anaweza kukuachia chombo ukiweka dhamana ya bei yake. Mzigo wa kuthibitisha kwamba ushuru ulilipwa uko kwako unayedai, si kwake.

Kuna mtego mmoja katika sheria hiyo ambao unafanana na tranzaksio yetu. Kamishna anaweza kumaliza kesi bila mahakama kama mtu amekubali kosa kwa maandishi na kuomba yaishe hivyo. Uamuzi wake ukitoka, hauna rufaa. Mtu aliyechoka, amelala siku tatu kwenye bandari, anasaini chochote ili arudi nyumbani. Halafu anafika Kindu, anamtafuta avoka, anasema anataka kupinga. Kupinga nini? Umesaini.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, Uingereza, juu huko ndiko jambo hili hasa la gari na tumbaku limepimwa mahakamani mpaka mwisho. Miaka ya 2000 Waingereza walikuwa wanavuka kwenda Ufaransa kununua sigara za bei nafuu, na duane wao wakaweka siasa kali: gari iliyokamatwa na tumbaku ya frodi hairudi. Raia mmoja alikamatwa akirudi na maelfu ya sigara. Nyingine zake, nyingine za ndugu waliompa makuta awanunulie. Gari ikaenda. Yeye hakunyamaza. Tarehe 20 Februari 2002 Mahakama ya Rufaa ya London, kwa sauti ya juji Lord Phillips, iliamua kwamba siasa ile haikuwa na kipimo, juu iliwaweka katika kikapu kimoja mfanyabiashara wa magendo na mtu anayewaletea ndugu zake bila faida. Duane wakaambiwa walipime jambo upya.

Juji hakusema duane wasichukue magari. Kwa yule anayefanya biashara ya frodi alisema, hata kama ni mara yake ya kwanza, asilie juu ya bei ya gari yake. Lakini kwa yule mwingine, aliweka mambo ya kuangalia: mzigo ulikuwa mkubwa kiasi gani, ni mara ya kwanza au la, alijaribu kuficha au kudanganya, gari ina bei gani, na kuichukua kutamletea taabu ya kiasi gani. Uamuzi huo haumfungi juji wa Kindu hata kidogo. Lakini kama wewu unaandika barua na hujui uanzie wapi, mambo hayo matano ni mifupa ya barua. Na munaona sasa kwa nini nilisema neno "zilifichwa" ndani ya PV litarudi. Kwa msingi wa kwetu, shika article 34 ya Katiba na article 14 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambayo nayo inalinda mali.

Tusijidanganye kwamba hoja ya kipimo inashinda kila mara. Mwaka 1987, kwenye uwanja wa Heathrow, ndege ya kampuni ya Air Canada ilikutwa na kilo 331 za bangi ndani ya kontena. Siku chache baadaye duane wakakamata ndege nzima, na wakaiachilia siku ileile kampuni ilipolipa pauni 50,000. Hakuna mtu aliyesema kampuni ndiyo ilileta bangi. Kampuni ikafika mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na tarehe 5 Mei 1995 ikashindwa, majuji watano dhidi ya wanne. Watano waliona ni haki kumlazimisha msafirishaji achunge mizigo anayobeba. Kwa kura moja! Mimi niko na wale wanne, lakini hoja ya watano ndiyo utakayoambiwa hapa: mwenye chombo, ulifanya nini ili chombo chako kisitumiwe? Ndiyo hapo mkataba wa motari unapofanya kazi yake.

Na kesi ya mwaka 2011, bado Uingereza, ya mume na mke ambao walipinga ukamataji kwa wakati, kisha wakaondoa dai lao wenyewe, halafu wakaenda kwenye tribinali nyingine kuomba kurudishiwa wakisema mali ilikuwa ya matumizi yao ya nyumbani. Mahakama ya Rufaa ikawafungia mlango: ulipoacha dai la kwanza, ulikubali kwamba mali ilikuwa ya frodi, huwezi kurudi kwa dirisha. Ni ile tofauti niliyoisema kati ya kupinga na kuomba. Kila moja ina mlango wake na saa yake.

Turudi Kasuku. Tuseme umefanya yote, na moto haikurudi. Au imerudi kwa tranzaksio uliyolipa wewu, kitansi unayo, lakini likelemba ya mwaka mzima imekwisha. Bado kuna yule aliyepakia gunia. Code civil yetu, kitabu cha tatu, article 258, inasema mtu aliyemletea mwingine hasara kwa kosa lake lazima aitengeneze. Unaweza kumdai motari, na mwenye mzigo kama anajulikana. Watu wanacheka wakisikia hivyo: motari ana nini cha kulipa? Ndiyo maana katika mkataba ule wa ukurasa mmoja wenye akili wanaweka jina la tatu, mdhamini, kaka au mjomba wa motari mwenye parseli inayojulikana, na sahihi yake iko chini pamoja na zenu. Mdhamini anajua kumuuliza motari, kabla ya safari ya Kasongo, ndani ya gunia kuna nini.